Mzizi na Timazi Yake

Somo kwa wanafunzi wa madrasa na wazee wao

Ama baad. Jina la Sekenke limejulikana mbali kwa sababu ya dhahabu, hata sarafu za dhahabu walizozipiga Wadachi mjini Tabora mwaka 1916 zilitokana na mgodi wa hapa. Mchimbaji ashukaye ardhini huenda na taa. Lakini yuko mchimbaji mwingine ashukaye gizani bila ya taa wala mwongozi, naye ni mzizi wa mmea. Khabari zake ndizo tutakazozisoma leo.

Ewe msomaji, mkulima anapotia mbegu ya mtama shimoni haangalii upande upi uko juu na upi uko chini. Huitupa, huifukia kwa mguu, akaenda zake. Mbegu moja hulala ubavu, nyingine kichwa chini. Juu ya hayo yote mzizi hushuka na chipukizi hupanda. Katika nchi yetu, ambayo mvua yake ni ya msimu mmoja na kisha hufuata kiangazi kirefu, jambo hili si dogo: mche ambao mzizi wake umechelewa kuufikia unyevu wa chini hukauka juani.

Suala: Ni kitu gani kiuongozacho mzizi? Je, huikimbia nuru, au huyafuata maji?

Jawabu: Mizizi huweza kuathirika na vyote viwili hivyo, lakini kikubwa kiipacho njia ya chini ni uzito, yaani ile nguvu ya ardhi ivutayo kila kitu. Ukitaka kuhakikisha, twaa gilasi, uizungushie ndani kitambaa kilichorowa, kisha utie kunde tatu baina ya kitambaa na kioo: moja imesimama, moja imelala, moja imepinduliwa. Ifunike gilasi ndani ya sanduku lenye giza. Baada ya siku chache utaiona mizizi yote imeelekea chini. Hapo ilaze gilasi ubavu, uirudishe gizani. Kesho yake utakuta ncha zimekwisha kupinda tena kuelekea ardhini. Nuru haikuwamo, na maji yalikuwa pande zote. Basi hapana kilichobadilika illa upande wa chini.

Mwaka 1806 Mwingereza mmoja, Thomas Andrew Knight, alizifunga mbegu kwenye gurudumu lililozungushwa kwa nguvu ya maji. Mzunguko ule ukazisukuma mbegu kwenda nje, kama kijiwe kivutavyo kamba mtoto anapokizungusha. Mizizi ikaota kuelekea nje, na machipukizi yakaelekea katikati. Ikadhihirika kwamba mmea huitambua nguvu ivutayo, na huifuata hata ikigeuzwa upande.

Suala: Mzizi huitambua nguvu hiyo kwa kiungo gani?

Jawabu: Kwa ncha yake. Charles Darwin na mwanawe Francis walieleza katika kitabu chao cha mwaka 1880 kwamba mzizi uliokatwa ncha, kisha ukalazwa, huendelea kurefuka bila ya kupinda chini, mpaka uote ncha mpya. Kwenye ncha ile mna kifuniko mfano wa kofia, na ndani yake mna seli, yaani vijumba vidogo visivyoonekana bila ya hadubini. Katika seli hizo zimo chembe za wanga, nazo ni nzito kuliko majimaji yaliyozizunguka. Mzizi ukilazwa, chembe hizo huanguka upande ambao sasa ndio wa chini. Mwashi huteremsha timazi ili aujue unyofu wa ukuta; chembe hizi ndizo timazi ya mzizi.

Zikishaanguka, dawa iitwayo auksini, ambayo mmea huitengeneza wenyewe, hukusanyika zaidi upande wa chini. Katika mzizi, auksini ikizidi hupunguza urefukaji. Basi upande wa chini hukawia, na wa juu hurefuka upesi, na mzizi hupinda kuelekea chini. Mfano wake ni ng'ombe wawili wa jembe la kukokota: mmoja akipunguza mwendo, jozi nzima hugeukia upande wake. Ama katika shina mambo ni kinyume: dawa ile ile huharakisha urefukaji, kwa hiyo upande wa chini hurefuka na shina huinuka.

Suala: Elimu hii ina faida gani kwetu?

Jawabu: Mwaka mmoja nilipanda miche ya miembe mbele ya madrasa pamoja na wanafunzi. Udongo ulikuwa mgumu, tukachimba mashimo mafupi. Mizizi ilipozidi urefu wa shimo tuliikunja, tukadhani itajinyoosha yenyewe. Masika miche ilistawi. Kiangazi kilipokaza ikafa mmoja baada ya mwingine. Nilipoichimbua nikaona mizizi imepinda kama ndoana, vile vile tulivyoiweka.

Kosa lilikuwa letu. Mzizi haupindi kila mahali. Hupinda karibu na ncha tu, pale unaporefuka. Sehemu iliyokwisha kukomaa hainyooki tena. Ncha iliyoelekezwa juu huweza kugeuka na kushuka, lakini kikunjo hubaki. Na ncha ya mzizi mkuu ikivunjika, mizizi ya ubavuni hushika kazi. Nayo tabia yake ni kwenda mshazari, si kushuka wima.

Kwa hiyo, upandapo mti, chimba shimo lishinde urefu wa mzizi. Usiukunje, wala usiivunje ncha yake. Usiuache mche ndani ya kopo mpaka mizizi ikazunguka. Mwaka uliofuata tulichimba tena, na safari hii wanafunzi walipima kila mzizi kwa kijiti kabla ya kuushusha. Miembe minne ingali hai, na vivuli vyake ndivyo tusomeamo.

Wallahu aalam.