Ramani Nzuri na Ramani ya Kweli

Katika miaka ya 1600, mji wa Amsterdam katika nchi ya Uholanzi ulikuwa na sifa kubwa ya kutengeneza ramani. Mmoja wa mafundi wake wakuu alikuwa Willem Janszoon Blaeu, aliyezaliwa mwaka 1571 na kufa mwaka 1638. Alijifunza elimu ya nyota kwa Tycho Brahe, mtaalamu wa Denmark, kisha akafungua duka lake Amsterdam. Mwaka 1608 alitoa ramani kubwa za ukutani za mabara manne, na Afrika ilikuwa mojawapo. Yapata mwaka 1617 alitoa ramani nyingine ya Afrika, iliyo ndogo zaidi, ambayo baadaye ilitiwa katika vitabu vyake vya ramani.

Kazi hiyo ilitaka subira. Fundi alichonga mistari na majina kinyumenyume juu ya bamba la shaba, akalipaka wino, kisha akalikandamiza juu ya karatasi. Rangi zilitiwa kwa mkono. Ramani ya ukutani ilifanywa kwa karatasi kadhaa zilizogandishwa pamoja juu ya kitambaa na kutundikwa kwa vijiti. Moshi, unyevu na jua viliziharibu nyingi, na ndiyo sababu zilizobaki ni chache sana na ni za thamani kubwa.

Ramani ile ndogo ya Afrika yapendeza macho. Juu yake mna picha za miji 9, ukiwamo Cairo na Msumbiji. Kando kando mna picha za watu na mavazi yao. Baharini zapita merikebu, na barani wametembea ndovu na simba.

Lakini je, ni ya kweli? Pwani imechorwa vema, na majina ya Mombasa, Malindi na Kilwa yamo. Sababu yake ni kwamba Wareno walikuwa wamesafiri katika pwani hiyo tangu mwaka 1498, na habari za manahodha wao zilifika Uholanzi. Bara ni jambo jingine. Humo Blaeu alichora mto Nile ukitoka katika maziwa mawili makubwa, mbali kusini ya Ikweta. Habari hiyo ilitoka kwa Ptolemy, mwanachuoni wa Misri aliyeishi miaka 1,500 hivi kabla yake. Blaeu mwenyewe hakupata kufika. Mahali pasipo na habari, ndovu alijaza nafasi.

Nyamira haimo katika ramani hiyo. Hata kama Blaeu angaliijua, angalipata shida kuionyesha. Ikiwa Afrika yote imechorwa kwa urefu wa sentimeta 40, basi sentimeta 1 ni kilometa 200, na punje moja ya wimbi ingetosha kuifunika Nyamira karibu yote. Hata hivyo Wagusii waliokaa huko baadaye waliijua nchi yao: vilima vya Manga, mto Gucha na mto Sondu, na mpaka wa kila ukoo. Ujuzi huo ulikuwa katika vichwa vya wazee, wala haukuandikwa.

Mwaka 1749 Mfaransa mmoja, d'Anville, alitoa ramani ya Afrika yenye nafasi nyingi tupu. Haikupendeza kama ile ya Blaeu, lakini ilikuwa na uaminifu zaidi, kwa kuwa alikataa kuchora asichokuwa na ushahidi wake. Ziwa Victoria halikuchorwa sawasawa mpaka baada ya Stanley kulizunguka mwaka 1875.

Somo hili lamhusu kila mwenye shamba. Katika sehemu nyingi za Kenya, ramani za mashamba zilichorwa kwa kufuata nyua zilizoonekana katika picha zilizopigwa kutoka ndege. Nyingi zina kipimo cha 1 kwa 2,500, yaani sentimeta 1 ni meta 25. Basi mstari wa kalamu wenye unene wa nusu milimeta hufunika ardhi yenye upana wa meta 1 na robo. Katika Nyamira, ambako mashamba ni madogo na kila mstari wa chai una thamani, upana huo watosha kuwagombanisha ndugu wawili.

Serikali yalijua jambo hilo. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 yasema kwamba ramani hiyo huonyesha mipaka kwa kukadiria tu, isipokuwa pale ambapo mpaka umepimwa rasmi na kuandikwa hivyo katika daftari. Sheria hiyo yamtaka mwenye shamba atunze ua, mawe na alama za mpaka wake. Na kuziharibu ni kosa. Ugomvi wa mpaka hupelekwa kwanza kwa Msajili wa Ardhi kabla ya mahakama kuusikiliza.

Kwa hiyo, mtu akionyeshwa ramani, iwe ya bara zima au ya shamba la babu yake, na aulize mambo matatu: Ni nani aliyepima? Alipima lini? Na kipimo chake ni kipi? Kisha aende shambani pamoja na jirani yake na wazee, wautazame mpaka, na kuupanda upya ua uliokufa wangali wakikumbuka mahali ulipokuwa.