Mpira wa Kamera Tumboni: Je, Utaniambukiza?

Leo tunajibu swali gumu. Msichana wa kidato cha tatu, shule moja ya kando ya ziwa mkoani Geita, aliniuliza: "Dada, mwaka 2020 mjomba alitapika damu. Akaambiwa aende Bugando, Mwanza, akapimwe kwa ule mpira wenye kamera. Akagoma, eti atarudi na korona. Siku ya tatu akafariki. Alikosea?"

Hofu yake haikuwa ya kijinga. Mpira huo, yaani endoskopi, hupitia mdomoni hadi tumboni. Mgonjwa hukohoa, na matone ya mate yake huruka usoni mwa wahudumu. Ndiyo maana wakati wa UVIKO-19 hospitali nyingi duniani ziliahirisha vipimo visivyo vya haraka. Mgonjwa aliulizwa kwanza kuhusu homa na kikohozi. Chumbani walibaki watu wachache, wamevaa barakoa za N95, ngao za uso, gauni na glavu. Lakini anayetapika damu haahirishwi.

Kwa nini? Kichocho cha kukojoa damu mnakijua, hasa ninyi wa Shinyanga. Kando ya Ziwa Victoria kipo kingine, cha tumbo. Mayai ya minyoo hukwama kwenye ini miaka na miaka, ini linapata makovu, damu inakosa njia, mishipa ya koo la chakula inavimba. Ukipasuka mmoja, damu haina subira. Wengine ni vidonda vya tumbo (wachimbaji mnaomeza diklofenaki kila siku, mpo?). Kwa mpira uleule daktari huuona mshipa unaovuja na kuufunga kwa kijiraba. Kwa hiyo kile mjomba alichokiogopa ni kipimo, na ni tiba pia.

Sasa, mpira uliotoka kwa mwingine unasafishwaje? Hauchemshwi, maana joto litauharibu. Ukitoka tu kwa mgonjwa unapanguswa na kuvutishwa maji ya sabuni kabla uchafu haujakauka. Halafu brashi ndefu hupitishwa ndani ya matundu yake yote. Hapa ndipo penye kazi! Umewahi kuosha sufuria ya uji uliokauka? Ukimimina dawa juu ya ukoko, chini yake vijidudu vinastarehe. Baada ya kusugua, mpira huloweka kwenye dawa kali, kwa mfano glutaraldehaidi, kwa muda ulioandikwa na mtengenezaji. Kisha unasuuzwa kwa maji safi, unakaushwa mpaka ndani, na kuning'inizwa kabatini. Usipokauka vizuri, bakteria huzaliana humo usiku kucha.

Nilimjibu yule msichana kwamba mjomba aliogopa hatari ndogo, inayozuilika, akabaki nyumbani na ile kubwa. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama mgonjwa anaruhusiwa kumuuliza muuguzi, "Mpira huu umesuguliwa na kulowekwa?" Anaruhusiwa. Hata mjomba angeweza kuuliza.