Somo: Barafu ya Kilimanjaro Ni Daftari



Mzee wa kijiji anaweza kukumbuka ukame wa miaka sitini iliyopita. Je, ule wa miaka elfu nne iliyopita, nani anaukumbuka? Ni barafu.

Lonnie Thompson wa Marekani alisomea elimu ya miamba, akitarajia kazi ya makaa ya mawe. Lakini barafu ikamvuta. Tangu miaka ya 1970 amepanda milima mirefu ya Peru, China na kwingineko, akitoboa barafu na kuisoma. Theluji hulala juu ya theluji, tabaka kwa tabaka, na nyakati za ukame huacha vumbi jingi.

Mwaka 2000, yeye na wenzake walitoboa barafu ya Kilimanjaro, mlima tunaouona kutoka Loitokitok. Ya chini kabisa waliikadiria kuwa na miaka 11,700 hivi. Humo wakakuta vumbi la ukame mkali wa miaka 4,000 iliyopita. Halafu walilinganisha ramani ya 1912 na picha za 2000: kumbe asilimia 80 ya barafu ilikuwa imekwisha! Walisema itamalizika kati ya 2015 na 2020. Haikumalizika, lakini inazidi kupungua.

Bila ramani ile ya zamani, wangelinganisha na nini? Basi nasi tuandike. Mkebe ulionyooka, rula na daftari vyatosha kupima mvua.

Maswali ya kujadiliana:
1. Mwaka jana mvua ndefu ilianza tarehe gani? Mmekubaliana?
2. Nani atashika daftari?