Vidokezo 6 vya Kuwaingiza Wanafunzi wa Kompyuta Kwenye Programu Huria za Kuokoa Maisha

Mhadhiri, najua muhula umekubana: vipindi, kusahihisha, vikao. Habari njema ni kwamba huna haja ya kubuni mradi wa kufundishia. Miradi ya kweli ipo, na inahitaji mikono!

1. Anzia nyumbani
Programu ya Ushahidi ilizaliwa Kenya mwaka 2008, wananchi wakituma taarifa za ghasia za baada ya uchaguzi ili ziwekwe kwenye ramani. OpenMRS, inayotunza kumbukumbu za wagonjwa, ina mizizi Eldoret, kwenye huduma za VVU. Waeleze wanafunzi hayo siku ya kwanza, uone watakavyotega masikio.

2. Ramani kwanza, msimbo baadaye
Wa mwaka wa kwanza bado anapigana na Java? Mpe OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea. Baada ya tetemeko la Haiti mwaka 2010, watu wa kujitolea walichora mitaa ya Port-au-Prince kwa kutazama picha za setilaiti, na waokoaji wakazitumia ramani zao. Dar es Salaam nako, wanafunzi wa vyuo vikuu waliingia mitaani na mradi wa Ramani Huria, wakachora nyumba na mitaro ya maeneo yanayofurika, Tandale ikiwemo. Wewe chagua kata moja na kipindi kimoja cha maabara. Wapange wawili wawili: mmoja achore, mwenzake akague, kisha wabadilishane. Kabla ya kutoka mlangoni, kila mmoja ana kazi yake kwenye ramani ya dunia. Raha iliyoje!

3. Pakua mapema
Wanafunzi thelathini wakipakua programu kwa pamoja, intaneti ya chuo itazimia. Weka faili zote kwenye kompyuta moja ya maabara, au zigawe kwa fleshi, siku moja kabla.

4. Kazi ndogo, imalizike
OpenMRS huwatengea wageni kazi nyepesi za kuanzia. Ujumbe wa kosa usioeleweka, maelekezo yaliyopitwa na wakati, menyu isiyo na Kiswahili: hizo zinatosha kabisa. Kazi moja iliyokamilika humpa kijana moyo kuliko kumi zilizoachwa njiani.

5. Wagonjwa wa kubuni tu
Majaribio yote yafanyike kwa data za mfano. Kumbukumbu halisi za zahanati zisiingie maabara hata kidogo, hata kama majina yamefutwa.

6. Toa alama kwa safari
Hapa ndipo wengi hukwama. Wanaokagua kazi zinazotumwa kwenye miradi hii mara nyingi hujitolea, na jibu linaweza kuja mitihani ikiwa imekwisha. Usimnyime kijana alama kwa kuchelewa kwa mtu mwingine! Pima swali aliloliuliza, jaribio aliloliandika, jinsi alivyopokea ukosoaji na kurekebisha. Na waandikie wasimamizi wa mradi kabla muhula haujafunguliwa, uwaambie ni wanafunzi wangapi wanakuja na lini. Barua hiyo unaweza kuiandika leo jioni.