Kabla ya Kuomba Masta ya Maji, Pima Mto Mwana

Umemaliza lisansi Bukavu, kwenu ni Luhwindja, na unataka kuendelea na utafiti wa maji. Usianze kwa kuwinda ufadhili. Anza na mto. Barua za vijana wenye hamu ya kusoma humfikia profesa kila wiki. Barua yenye vipimo vya mto ambao mwandishi anaujua tangu utoto ni adimu, na wewe unaweza kuiandika.

Mgodi wa dhahabu wa Twangiza ulianza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2012, na mto Mwana uko jirani nao. Wachimbaji wadogo nao wapo, na mashamba yamepanda miteremko mikali. Maji ya pande zote hizo hukutana bondeni.

Chagua swali moja dogo. “Athari za uchimbaji kwa mazingira ya Luhwindja” ni mada ya kumaliza miaka yako yote. Jaribu hivi: tope la mto linatofautianaje juu na chini ya makutano na kijito fulani, mwisho wa kiangazi mwezi Agosti na mvua zikikolea Novemba? Swali hilo lina mahali, lina majira, na linapimika.

Chora bonde kabla ya kutoka Bukavu. Programu ya QGIS ni ya bure. Data za miinuko za SRTM, zenye miraba ya mita 30, ni za bure pia. Makadirio ya mvua yako kwenye CHIRPS, kuanzia mwaka 1981. Ukimaliza utajua kila tone linalofika mahali utakapopimia linatoka kilima kipi.

Kisha omba ruhusa. Peleka barua ya chuo kwenye ofisi ya mwami, mtawala wa jadi, halafu kamwone chifu wa kijiji. Eleza kazi yako kwa lugha ya Mashi, bila haraka. Usiingie eneo la mgodi wala kukaribia bwawa la topesumu bila ruhusa ya maandishi. Hakuna sampuli yenye thamani ya uhai wako.

Pima wingi wa maji kila unapochukua sampuli. Wanafunzi wengi huliruka hili, na kazi yao hupoteza nusu ya maana. Tafuta sehemu iliyonyooka, pima upana na kina, tupa kitu kinachoelea na uhesabu sekunde kwa mita 10. Gawa mita hizo kwa sekunde upate kasi ya uso wa maji, izidishe kwa 0.85 hivi upate wastani, kisha zidisha kwa eneo la mkato wa mto. Huhitaji mashine.

Sasa sampuli zenyewe, maana hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Suuza chupa mara tatu kwa maji ya mto uleule, isipokuwa chupa ya bakteria, ambayo huja imeshatakaswa na haisuuzwi. Simama ukitazama maji yanakotoka, usichote tope ulilolitibua mwenyewe. Maji ya kupimwa metali hutiwa asidi ya nitriki safi hadi pH ishuke chini ya 2. Ya bakteria yakae kwenye barafu na yafike maabara ndani ya saa 24, mapema zaidi ikiwezekana. Barabara ya Luhwindja unaijua. Panga safari kwa kuhesabu kutoka saa ya maabara kurudi nyuma.

Ukitafuta zebaki, usiishie kwenye maji. Hushikamana na udongo laini, kwa hiyo chota na tope la chini. Kuhusu sianidi, usiiguse hadi uwe na maabara iliyokubali kazi na mtu mzoefu pembeni.

Andika kila kitu papo hapo: saa, mahali kwa GPS, hali ya hewa, nani alikuwa anafua nguo juu ya mahali ulipochota. Matokeo ya sampuli moja usiyatangaze kijijini. Rudia kipimo, zungumza na msimamizi, kisha mpelekee chifu matokeo yaliyothibitishwa. Watu wanaoyanywa maji hayo wana haki ya kujua, na wana haki ya kutotishwa bure.

Hapo andika barua. Anza na walimu wa vyuo vikuu vya Bukavu, UOB na UCB, ukapate msimamizi wa karibu. Kinshasa kuna CRREBaC, kituo cha Chuo Kikuu cha Kinshasa kinachotafiti maji ya bonde la Kongo. Arusha kuna NM-AIST. Tlemcen, Algeria, kuna PAUWES, taasisi ya maji na nishati ya Umoja wa Afrika, yenye ufadhili wake. Ubelgiji fuatilia ufadhili wa VLIR-UOS kwa masomo ya Kiingereza na ARES kwa ya Kifaransa. Uholanzi kuna IHE Delft.

Barua iwe nusu ukurasa. Taja mto, swali, ulichopima na unachokwama nacho. Ambatisha ramani moja na grafu moja, basi. Usiandike “Mheshimiwa Profesa” kwa watu ishirini kwa mkupuo. Soma makala moja ya kila mmoja, utaje sehemu iliyokugusa.

Kiingereza anza leo, hata kama mémoire yako ni ya Kifaransa. Na pasipoti, pamoja na nakala za alama zilizothibitishwa na chuo, zishughulikie mwezi huu, kabla tangazo lolote halijatoka. Huchukua muda mrefu kuliko unavyodhani, na tarehe ya mwisho ya maombi haimsubiri mtu.