Somo la 6: Hema Inapoelekea

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mwanzo 13, 19:12–30, 46:1–7, Ruthu 1:1–7, Luka 14:28–30, Matendo 18:1–4, 18–26, Yakobo 4:13–17.

Fungu la Kukariri: Yakobo 4:15.

Barua ya kazi ikifika kutoka mji mwingine, nyumba nzima hukosa usingizi. Huenda imetoka Arusha chini ya Mlima Meru, au Moshi chini ya Kilimanjaro, au Morogoro chini ya Uluguru. Mmoja husema, “Mungu amefungua mlango.” Mwingine hujibu, “Si kila mlango ulio wazi umefunguliwa na Mungu.” Wote wawili wana hoja.

Biblia haimsifu mtu kwa sababu tu amebaki alipozaliwa, wala haimlaumu kwa kwenda mbali kutafuta riziki. Abrahamu alihama. Yakobo alihama akiwa mzee. Akila na Prisila walihama mara kadhaa, wakiwa na ufundi wao mkononi. Lutu naye alihama, na nyumba yake ikateketea. Kilichowatofautisha watu hawa si umbali wa safari, bali swali walilolitanguliza.

Yakobo anaandika juu ya wafanyabiashara wanaopanga kwenda mji fulani, kukaa mwaka mzima na kupata faida. Hakemei safari yao wala faida yao. Anakemea mpango uliokamilika kabla ya Bwana kuulizwa.

JUMAPILI: Macho ya Lutu

Soma Mwanzo 13:5–13. Lutu alitazama nini kabla ya kuchagua? Ni jambo gani ambalo hakuliuliza?

Haja ya kutengana ilikuwa ya kweli. Mifugo ilikuwa mingi, malisho hayakutosha, na wachungaji walikuwa wakigombana. Abramu, aliyekuwa mkubwa na mwenye haki ya kuchagua kwanza, alimwachia mwana wa ndugu yake nafasi hiyo.

Mahali waliposimama, kati ya Betheli na Ai, ni nyanda za juu, karibu meta 900 juu ya usawa wa bahari. Bonde la Yordani huteremka hadi Bahari ya Chumvi, zaidi ya meta 400 chini ya usawa huo. Kutoka juu mtu huona mbali, na Lutu aliona maji. Kwa mfugaji maji ni uhai, hakukosea kuyaona. Kosa lake ni kuishia hapo. Fungu la 13 linataja uovu wa watu wa Sodoma mara tu baada ya kutaja hema ya Lutu, kana kwamba msimuliaji anajibu swali ambalo Lutu hakuliuliza.

Angalia pia mwendo wake. Katika Mwanzo 13:12 hema yake inasogea kuelekea Sodoma. Katika 14:12 anakaa ndani ya Sodoma. Katika 19:1 ameketi langoni mwa mji. Kila hatua ilikuwa fupi. Petro anamwita mwenye haki ambaye nafsi yake iliteswa kila siku kwa aliyoyaona na kuyasikia (2 Petro 2:7, 8). Lutu hakuikana imani, lakini alipowaonya wakwe zake usiku ule wa mwisho, walidhani anatania.

Ni habari gani kuhusu mji au kazi ambazo mtu anayetamani sana kuondoka huwa hapendi kuziuliza?

JUMATATU: Madhabahu Kabla ya Mshahara

Soma Mwanzo 12:7, 8. 13:3, 4, 14–18. Abramu alifanya jambo gani la kawaida kila alipopiga hema?

Baada ya Lutu kuondoka, Mungu alimwambia Abramu naye ainue macho. Macho si adui wa imani. Lutu aliyainua mwenyewe. Abramu aliyainua alipoambiwa. Kisha akahamia Hebroni, mji wa milimani, na jambo la kwanza tunaloambiwa ni kwamba alimjengea Bwana madhabahu. Maandiko hayataji hata madhabahu moja ya Lutu.

Mwishowe malaika walimwagiza Lutu akimbilie mlimani. Aliogopa, akaomba mji mdogo wa Soari. Baadaye akaogopa na Soari pia, akapanda mlimani, akakaa pangoni pamoja na binti zake wawili (Mwanzo 19:17–30). Abramu aliishi milimani akiwa na madhabahu. Lutu alifika mlimani akiwa na hofu. Mlima haumwokoi mtu, wala bonde halimwangamizi.

Leo madhabahu ya nyumbani ina sura inayoonekana: ibada ya asubuhi na jioni, Sabato, zaka, ushirika wa kanisa. Kwa hiyo anayefikiria kuhama aulize mapema: Kanisa lipo umbali gani na nyumba inayopangishwa? Watoto watafikaje huko? Je, mzee wa kanisa la mahali pale ameshapigiwa simu? Taratibu za kanisa zinamtaka anayehama kwa zaidi ya miezi sita aombe uhamisho wa ushirika mara moja. Wapo wanaokaa mjini miaka mitano jina likiwa bado kijijini. Kule wanahesabiwa kuwa hawapo, na huku hakuna anayewajua wanapougua.

Kama madhabahu ya familia ni dhaifu hapa, ni kitu gani kitakachoifanya iwe imara kule?

JUMANNE: Hesabu ya Siku Saba

Soma Kutoka 20:8–11 na Luka 14:28–30. Je, kupiga hesabu kabla ya kujenga ni ukosefu wa imani?

Mfikirie muumini mpishi anayeishi Mwanza. Anaitwa Moshi akapike katika safari za kupanda Kilimanjaro. Mlima huo una meta 5,895, na safari ya kupanda na kushuka kwa kawaida huchukua siku tano hadi nane kutegemea njia. Hapo hesabu ni rahisi. Safari ya siku saba, hata ianze siku gani, lazima iikute Sabato. Safari ya siku sita itaiepuka tu ikianza Jumapili na kumalizika Ijumaa kabla ya jua kuzama. Ya siku tano inaweza kuanza Jumapili au Jumatatu. Lakini mpishi hachagui siku ya kuanza. Mgeni ndiye huichagua.

Hesabu hiyo haisemi kwamba Moshi ni Sodoma. Inasema kwamba kazi hii, kwa mpangilio huu, itamdai Sabato karibu kila anapopanda. Kumhudumia mpandaji aliyezidiwa ni tendo la rehema, nalo ni halali siku ya Sabato (Mathayo 12:11, 12). Kupanga mwaka mzima wa kazi juu ya Sabato ni jambo jingine. Amri yenyewe inamtaja hata mgeni aliye ndani ya malango.

Ipo hesabu nyingine. Wengi wanaofanya kazi mlimani hulipwa kwa safari, si kwa mwezi, na wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, wageni hupungua. Wenye nyumba mijini mara nyingi hutaka kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mara moja. Pato la Agosti lisipigiwe hesabu kana kwamba ndilo pato la Aprili.

Muumini huyo anaweza kuuliza mambo mengine kabla ya kutia sahihi. Je, ipo nafasi ya kupika hotelini, shuleni au hospitalini katika mji huohuo? Je, mwajiri atakubali kwa maandishi kwamba atakuwa huru tangu Ijumaa jioni hadi Jumamosi jioni? Mwajiri aliyeambiwa mapema anaweza kukataa, lakini hawezi kusema alidanganywa.

Kwa nini ni vigumu zaidi kulitaja suala la Sabato baada ya kupokea mshahara wa kwanza kuliko kabla?

JUMATANO: Wanaokwenda na Wanaobaki

Soma Mwanzo 46:1–7 na Ruthu 1:1–7. Yakobo alifanya nini Beer-sheba kabla ya kuondoka Kanaani?

Yakobo alikuwa na kila sababu ya kwenda Misri bila kusimama. Njaa ilikuwa kali, Yusufu alikuwa hai, na magari ya Farao yalikuwa yamefika. Hata hivyo alisimama Beer-sheba, akatoa dhabihu, na Mungu akamwambia asiogope. Ndipo akaenda pamoja na wanawe, wake zao na wajukuu. Mlango uliokuwa wazi kabisa haukumzuia kuomba.

Elimeleki naye aliikimbia njaa, akaenda Moabu na mkewe na wanawe wawili. Maandiko hayasemi kwamba alitenda dhambi kwa kwenda. Yanasimulia tu kwamba wanaume wote watatu walikufa huko, na Naomi akarudi. Yapasa kusoma habari hii kwa upole. Si kila msiba wa ugenini ni adhabu. Lakini inakumbusha kwamba uamuzi wa mmoja hulipwa na wengi.

Kwa mpishi yule, mke wake huenda ni mwalimu wa serikali, na uhamisho wake una taratibu zake zisizofuata tarehe ya mume kuanza kazi. Mtoto anajiandaa kwa mtihani wa darasa la saba. Mama mzazi ana dawa za kila mwezi. Mume akitangulia peke yake, waseme wazi: kwa miezi mingapi? Atarudi lini? Nani ataongoza ibada, na nani atampeleka bibi hospitalini? Kutengana kusikokuwa na mwisho unaojulikana hugeuka kuwa desturi. Na anayebaki naye ana sauti. Amani ya mmoja inayopatikana kwa kumnyamazisha mwingine isiitwe jibu la maombi.

ALHAMISI: Waliohama na Kanisa Lao

Soma Matendo 18:1–4, 18–26 na Warumi 16:3–5. Kazi ya mikono iliwasaidiaje Akila na Prisila kuieneza injili?

Akila na Prisila hawakuondoka Rumi kwa hiari. Klaudio aliwafukuza Wayahudi. Walifika Korintho, mji wa biashara uliokaa chini ya mlima wa mawe wa Akrokorintho, wenye meta 575. Walishona mahema. Paulo akakaa kwao, akafanya kazi nao, na kila Sabato alihojiana na watu katika sinagogi. Baadaye walihamia Efeso, wakamfundisha Apolo njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Huko Efeso, na tena Rumi, kanisa lilikutana nyumbani mwao (1 Wakorintho 16:19).

Wala si habari ya kale tu. Kazi ya Waadventista wa Sabato ilianza Tanganyika mwaka 1903, wakati Johannes Ehlers na A. C. Enns walipofika kutoka Ujerumani na kupanda hadi Giti, katika milima ya Upare. Watu waliohamia karibu na milima wakiwa na madhabahu yao wameacha makanisa.

Kwa hiyo kukaa si lazima kuwe utakatifu. Mtu anaweza kubaki kwa uvivu au kwa hofu, akaiita imani. Mzazi ambaye watoto wake wanalala njaa hapaswi kulaumiwa kwa kutafuta kazi mbali. Kanisa linalomwambia asiende lina wajibu wa kumsaidia kula hapa.

IJUMAA: Kujifunza Zaidi

Soma tena Mwanzo 13 na 19 kwa pamoja, kisha usome sura inayoeleza maisha ya Abrahamu huko Kanaani katika kitabu cha Ellen G. White, Wazee na Manabii. Orodhesha maswali ambayo Lutu angeweza kuyauliza siku ile kabla ya kuteremka.

Maswali ya Kujadili:

1. Je, mpishi katika somo la Jumanne aikatae kazi, aombe mpangilio tofauti, au atafute kazi nyingine Moshi? Darasa litoe sababu kutoka katika Maandiko, si kutoka katika mazoea tu.

2. Kati ya Lutu na Elimeleki, Biblia inamlaumu nani waziwazi, na kwa lipi? Tuwe waangalifu namna gani tunapoeleza msiba wa ndugu aliyehama?

3. Mtu akisema, “Nimeomba, na nina amani,” ni mambo gani mengine yanayopaswa kukubaliana na amani hiyo?

4. Kanisa lenu hufanya nini muumini anapohamia kwenu kwa ajili ya kazi? Tangu Sabato yake ya kwanza, inachukua muda gani hadi mtu amwulize anakoishi?

5. Katika kundi lenu yupo mtu anayekaribia kuamua? Kabla ya kumpa ushauri, ombeni pamoja naye, kisha mwulizeni: Madhabahu itajengwa wapi?