Kidonda cha Baba Kisichopona

Mama, leo umeleta mtoto kwenye kilo. Tunakuomba ufikiri pia juu ya baba yake.

Kuna kansere inayoshika ngozi ya uume. Si ugonjwa wa watu wengi. Lakini mwanaume akiupata anauficha kwa sababu ya haya, na kule kuficha ndiko kunakomwua. Mara nyingi ni mke anayejua wa kwanza.

ALAMA. Kidonda, kivimbe kama chunjua, ao doa jekundu lisilopona. Damu ao maji yenye harufu chini ya ngozi ya mbele. Mara nyingi mwanzoni hakiumi, basi watu wanasema: "Ni kitu kidogo tu." Wengine wanasema: "Wamemuloga." Hapana, mama. Ni ugonjwa wa mwili.

KUPIMA. Kidonda kinaweza kuwa kaswende ao kingine kinachopona kwa dawa. Lakini majuma matatu yakipita na bado kiko, asinunue tena pomadi kule soko ya Kadutu. Aende hospitali. Muganga atagusa kinena kutafuta mitoki, maana kansere hupitia pale. Atatia dawa ya ganzi, atakata kipande kidogo cha ngozi, kitazamwe labo kwa mikroskopi. Bila kipande kile, hakuna anayejua kwa hakika.

KUTUNZA. Akija mapema, wanaondoa kidonda na ngozi ya kando yake tu. Akichelewa, inawapasa kukata sehemu ya uume ao wote, na mitoki pia.

KUZUIA. Katika miaka ya 1950 na 1960, waganga wa Uganda waliona kansere hii mara nyingi, zaidi kwa makabila yasiyotahiri. Kutahiri mtoto kunapunguza sana hatari. Asiyetahiriwa aoshe chini ya ngozi ile kila siku. Aache na tumbaku.

Kansere nyingi za namna hii zinatoka kwa virusi vya papiloma, vile vile vinavyoleta kansere ya mlango wa kizazi. Kwa hiyo wewe pia upimwe. Virusi hivi vinaweza kukaa mwilini miaka mingi bila alama. Basi usianze ugomvi nyumbani. Umwambie kwa upole: "Baba Fulani, twende wote wawili."

MAULIZO
1. Kidonda kikikaa majuma mangapi ni lazima kwenda hospitali?
2. Kwa nini wanakata kipande cha ngozi?
3. Kwa nini mama naye apimwe?